Bakteria wanaoishi ndani ya seli zetu: kinga inashinda wapi, inashindwa wapi, inaumiza wapi (uzi mrefu)

Darubini (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Hakuna mada ya afya inayopita humu bila mtu kuandika "ongeza kinga". Kwa mafua sina ugomvi nayo. Ila kuna kundi la bakteria ambao kwao kauli hiyo haina maana yoyote, nao ni wale wanaopenya ndani ya seli zetu na kufanya makazi humo: wa kifua kikuu, ukoma, taifodi, brusela, klamidia, listeria, lejionela. Kwa hawa, wingi wa kinga si hoja. Hoja ni kinga ya aina gani, imefika lini, na imefika mahali gani. Kuna wagonjwa wanaopooza mkono au kupofuka kwa sababu ya kinga kufanya kazi, si kwa sababu imelala.

Nitashusha kwa vipande. Mwenye swali asisubiri mwisho, aulize hapo hapo.

Kurunzi

Niko mstari wa mbele. Tiririka mkuu.

Darubini

KIPANDE CHA KWANZA. Kingamwili zinaogelea kwenye damu na majimaji ya mwili. Zikimkuta bakteria nje ya seli zinamganda, na kazi inaanza. Bakteria akishaingia ndani ya seli, zinampita bila kumgusa. Utando wa seli umemfunika.

Mtu aliyeliweka hili wazi ni George Mackaness, miaka ya 1960. Aliwaambukiza panya listeria. Waliopona hawakuugua tena walipoambukizwa upya. Maji ya damu ya waliopona, yenye kingamwili, hayakuwakinga panya wengine, lakini seli za wengu zao ziliwakinga. Na kuna jambo jingine ambalo mimi naliona zito zaidi: makrofaji za panya aliyepona, yaani zile seli zinazomeza vijidudu, zilikuwa zimebadilika tabia kiasi cha kuua hata bakteria wa aina nyingine waliokuja wakati huo. Maana yake anayemtambua adui ni seli T (aina ya chembe nyeupe za damu), na anayeua ni makrofaji iliyopewa amri. Kazi mbili, watu wawili. Karibu kila kosa nitakalolieleza mbele linatokea kati ya hao wawili.

mpenda_hoja

Hapo nakukatiza. Kama kingamwili hazifai kitu, mbona chanjo mpya ya taifodi inafanya kazi? Ile inazalisha kingamwili dhidi ya gamba la nje la bakteria, na majaribio makubwa yalionyesha kinga ya karibu asilimia 80 kwa watoto. Na salmonela wa taifodi anaishi ndani ya makrofaji, wewe mwenyewe umemtaja.

Darubini

Swali zuri, na ndiyo maana sijasema hazifai kitu. Bakteria wa taifodi haanzii safari ndani ya seli. Anatoka utumboni, anakatiza nje ya seli kabla ya kumezwa, na kila akitoka seli moja kwenda nyingine kuna muda anakuwa wazi. Kingamwili zikiwa zimeshajaa tayari, zinamkamata kwenye hizo njia. Chanjo inashinda kwa sababu ya muda: kingamwili zimetangulia. Kwa mtu ambaye bakteria ameshajikita, mambo ni mengine. Kuna watu wanaobaki na bakteria wa taifodi kwenye kibofu cha nyongo kwa miaka, wana kingamwili nyingi tu kwenye damu, na bado wanamtoa kwenye choo kila siku. Mary Mallon, yule mpishi wa New York wa mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa wa namna hiyo na mwenyewe hakuwa akijisikia mgonjwa.

Listeria yeye ana mbinu kabisa ya kukwepa hizo njia. Nakuja huko.

Shangazi Mkubwa

Mwanangu Darubini, makrofaji si ndiyo askari? Sasa bakteria anaingiaje kwa askari na kuishi humo? Hilo ndilo linanishinda.

Darubini

Shikamoo Shangazi. Hapo ndipo penye utamu, ngoja nikupakulie.

KIPANDE CHA PILI. Makrofaji ikimeza bakteria inamfungia kwenye kifuko kidogo. Kwa kawaida kifuko hicho huanza kuwa na asidi, pH (kipimo cha asidi, kinachoshuka asidi ikizidi) inashuka chini ya 5, kisha kinaungana na lisosomu, vifuko vyenye vimeng'enya vya kumeng'enya protini. Juu yake zinamiminwa kemikali kali za oksijeni, na kuna pampu zinazoondoa madini chuma na manganizi ili aliyemo ashinde njaa. Bakteria wengi hawamalizi saa nyingi humo.

Sasa angalia wale wabishi, kila mmoja na mbinu yake.

Bakteria wa TB anazuia kifuko kisikomae. Armstrong na Hart walionyesha mwaka 1971, kwa hadubini ya elektroni, kwamba vifuko vyenye bakteria hai haviungani na lisosomu, ila vyenye bakteria waliokufa vinaungana. pH inabaki juu ya 6. Anakaa humo, anagawanyika taratibu, mara moja kwa karibu siku nzima.

Lejionela anateka vifuko vya usafirishaji vya seli yenyewe na kuvitumia kujijengea chumba ambacho seli haikitambui kuwa cha adui. Alijifunza zamani ndani ya amiba wa majini, binadamu ni ajali tu kwake. Jina lake limetokana na mkutano wa maveterani wa American Legion, Philadelphia, 1976, ambapo watu waliugua nimonia isiyojulikana.

Koksiela, wa homa ya Q, yeye asidi anaitaka. Bila asidi hazaliani vizuri. Kila mtu na ladha yake.

Na listeria anatoboa kifuko. Ana sumu inayoitwa listeriolisini O, inachana utando, anaibukia kwenye utomvu wa seli. Humo anaanza kujikusanyia aktini, protini ile ile inayoipa seli umbo lake, kwenye ncha moja ya mwili wake. Aktini inajijenga nyuma yake na kumsukuma mbele. Ukimtazama kwenye hadubini anaonekana akikatiza ndani ya seli huku ameacha mkia nyuma. Akifika ukingoni anasukuma utando hadi uingie kwenye seli jirani kama kidole, jirani anakimeza, na yeye anatoboa tena. Amehama seli bila kukanyaga nje. Mpenda_hoja, ndiyo hiyo niliyosema: kingamwili zimsubiri wapi?

Kurunzi

Aisee. Huyo bakteria ana akili kuliko baadhi yetu humu.

mpenda_hoja

Jisemee mwenyewe mkuu 😂

Darubini

KIPANDE CHA TATU, amri. Makrofaji peke yake mara nyingi haiwawezi hawa. Inahitaji kuamshwa. Inapokutana na bakteria inatoa ujumbe wa kemikali uitwao IL-12. Hiyo inazielekeza seli T za CD4 ziwe za aina inayotoa ujumbe mwingine, interferoni gama. Interferoni gama inarudi kwa makrofaji na kuibadilisha: vifuko vinakomaa, uzalishaji wa nitriki oksaidi unapanda (kwa panya ushahidi wake ni wa wazi, kwa binadamu bado watafiti wanabishana), na seli inaanza kujila yenyewe kwa mpangilio, ikifungasha bakteria waliotoroka kifuko na kuwapeleka lisosomu.

Tunajuaje kwamba ni njia hii na si nyingine? Kuna watoto wanaozaliwa na hitilafu ya jeni kwenye mnyororo huo. Ya kwanza ilielezwa mwaka 1996, kwenye kipokezi cha interferoni gama. Watoto hao wanaugua vibaya kwa chanjo ya BCG ya kifua kikuu na kwa mikobakteria (ndugu wa bakteria wa TB) dhaifu wa majini na udongoni ambao mimi na wewe tunawameza kila siku bila kujua. Wengi wanasumbuliwa pia na salmonela. Lakini magonjwa mengine mengi ya kuambukiza wanayapita kama watoto wengine. Yaani mnyororo mmoja ukikatika, linafunguka dirisha moja.

Klamidia anastahili aya yake. Seli ya binadamu ikipata interferoni gama inaanza kuivunja triptofani, kirutubisho ambacho klamidia hawezi kukua bila hicho. Anashinda njaa. Sasa aina zinazoambukiza sehemu za siri zina kimeng'enya cha kutengeneza triptofani kutoka kwa indoli, na indoli inatolewa na bakteria wengine wanaoishi ukeni. Jirani anamlisha. Aina za machoni, za trakoma, kimeng'enya hicho kimeharibika. Ukitaka ushahidi kwamba vita hivi ni vya zamani sana, ndio huo.

TabibuLishe01

Ndugu zangu kwa kuimarisha kinga dhidi ya TB na magonjwa yote sugu ninayo mchanganyiko wa mizizi na vitamini D, njoo inbox upate ofa.

Shangazi Mkubwa

Haya, wameshafika.

Darubini

TabibuLishe01, tangazo lako naliacha kwa wasimamizi, ila vitamini D naijibu kwa sababu ina historia ya kweli. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba makrofaji za binadamu zinatumia vitamini D kutengeneza kathelisidini, protini inayoua bakteria wa TB kwenye sahani ya maabara. Watu wakasema basi, tumepata. Kisha ukafanyika utafiti Mongolia kwa watoto wa shule zaidi ya 8,800, wengi wao wakiwa na upungufu halisi wa vitamini D, wakapewa kwa miaka mitatu. Matokeo yalitoka 2020: walioambukizwa TB hawakupungua. Kilichofanya kazi kwenye sahani hakikutosha kwenye pafu. Mizizi yako imepimwa wapi?

mpenda_hoja

Sasa kama interferoni gama ndiyo amri yenyewe, kwa nini wasimchome kila mgonjwa wa TB hiyo interferoni tumalize kazi?

Darubini

Kwa wale wachache wenye hitilafu ya IL-12 wanachomwa, na inasaidia. Ambaye hana kipokezi kabisa haimsaidii, amri haina pa kupokelewa. Ila mgonjwa wa kawaida wa TB hana upungufu wa interferoni gama! Mara nyingi anayo tele. Hapa ndipo chanjo ya TB iliyoitwa MVA85A iliangukia. Ilikuwa inapandisha seli T zinazotoa interferoni gama, kila kipimo cha maabara kilipendeza. Ikajaribiwa kwa watoto wachanga karibu 2,800 Afrika Kusini, majibu yakatoka 2013, haikuwakinga zaidi ya BCG waliyokuwa nayo.

Kwa hiyo tatizo liko wapi? Mimi nasimama kwenye mambo mawili.

La kwanza ni kuchelewa. Bakteria wa TB anatua kwenye vifuko vya hewa, anamezwa na makrofaji za huko, na kwa siku nyingi hakuna anayepeleka habari kwenye matezi ambako seli T zinaamshwa. Kwa panya zinaanza kufika mapafuni baada ya wiki mbili hadi tatu. Kwa binadamu, kipimo cha ngozi cha TB kinageuka kuwa chanya kati ya wiki ya 2 na ya 8. Bakteria wakati huo ameshajenga.

La pili ni mahali. Seli T zikifika mara nyingi zinakusanyika ukingoni mwa uvimbe, na makrofaji zilizojaa bakteria ziko katikati. Interferoni gama ni nyingi kwenye pafu, ila si pale inapohitajika.

Huo uvimbe ndio granuloma. Makrofaji zimeshikamana katikati, seli T zimezunguka, na kwenye TB kiini kinaweza kufa na kuwa kitu laini cheupe kama jibini. Vitabu vya zamani viliuita ukuta wa gereza. Lakini kazi iliyofanywa kwa samaki wadogo wa maabara wenye miili inayopitisha mwanga, kwa kutumia ndugu wa karibu wa bakteria wa TB, ilionyesha makrofaji mpya zikiingia kwenye granuloma changa, zikila zilizokufa pamoja na bakteria waliomo, kisha nyingine zikiondoka na mzigo wao kwenda kuanzisha granuloma mpya. Ukuta unaosambaza wafungwa si ukuta. Kwa hiyo ninavyoliona mimi, granuloma ni mapatano, na mapatano hayo yanaweza kuvunjwa na upande wowote.

Ngalawa Pweke

Mkuu samahani natoka nje kidogo ya mada. Mimi nina baridi yabisi, daktari anataka kunianzishia sindano za kuzuia TNF. Kabla ya yote akanipeleka kupima TB wakati sikohoi wala nini. Nikaona ananizungusha. Ina uhusiano na haya?

Darubini

Hujatoka nje ya mada ndugu yangu, umeingia katikati yake. TNF, ujumbe wa kemikali wa kinga, ni moja ya vitu vinavyoishikilia granuloma. Mwaka 2001 ilitolewa taarifa ya wagonjwa 70 waliopata TB baada ya kuanza infliximabu (dawa ya kuzuia TNF), wengi baada ya dozi tatu au pungufu, na zaidi ya nusu TB ilikuwa nje ya mapafu, jambo ambalo si la kawaida. Walikuwa wamebeba bakteria kimya kimya. Daktari wako hakuzungushi.

Na usidhani TNF ikiwa nyingi ndiyo salama. Kwenye samaki wale wale, TNF ikipungua bakteria wanazaliana hadi makrofaji inapasuka, ikizidi makrofaji inajiua na kumwaga bakteria nje. Mwisho unafanana, njia tofauti. Ndiyo maana kwa homa ya uti wa mgongo ya TB mgonjwa anapewa steroidi pamoja na dawa za kuua bakteria. Tunaipunguza kinga makusudi ili asife.

mpenda_hoja

Hapa umenigusa. Kwa hiyo bakteria anafaidika na kinga?

Darubini

Wa TB, ndiyo, na nalisema bila kumung'unya. Fikiria anavyoambukiza. Anahitaji tundu kwenye pafu linalofunguka kwenye njia ya hewa ili akoholewe nje. Tundu hilo linachimbwa kwa sehemu kubwa na vimeng'enya vya seli zetu wenyewe. Mgonjwa wa VVU ambaye CD4 zimeshuka sana anaweza kufa kwa TB iliyosambaa mwili mzima na picha ya kifua isionyeshe tundu lolote.

Halafu kuna hili la mwaka 2010. Walipolinganisha jenomu za bakteria wa TB wa nasaba mbalimbali, walitegemea kuona vipande vinavyotambuliwa na seli T vikibadilika haraka, kama virusi wanavyofanya kukwepa kinga. Walikuta kinyume: vipande hivyo ni miongoni mwa vilivyobadilika kidogo kuliko vyote. Anayekwepa kutambuliwa habaki na sura ile ile kwa maelfu ya miaka.

Shangazi Mkubwa

Mie nina swali la nyumbani. Mdogo wangu alitibiwa ukoma, akamaliza dawa zote, akaambiwa bakteria wamekufa. Miezi baadaye mkono unauma kwenye kiwiko, vidole viwili vya mwisho vinalegea. Watu wanasema dawa zilikuwa feki.

Darubini

Shangazi, hili lisisubiri uzi uishe. Mpelekeni kliniki ya ukoma haraka, leo kama inawezekana. Hiyo inafanana na mmenyuko wa ukoma. Bakteria wanaweza kuwa wamekufa kweli, ila mabaki yao yamo kwenye neva, na kinga imeamka na kuyashambulia humo humo. Neva inavimba ndani ya mfereji mwembamba pale kiwikoni na inabanwa. Inatibika kwa predinisoloni, dawa ya steroidi, wiki kadhaa hadi miezi, lakini neva iliyokaa muda mrefu bila tiba hairudi. Na wasimwanzishie tena dawa za bakteria kwa kubahatisha bila daktari kuona.

Kwa wengine, ukoma ndio unaoonyesha mada yangu waziwazi kuliko ugonjwa wowote. Bakteria ni mmoja, alionwa na Hansen mwaka 1873. Mtu mwenye seli T zinazojibu kwa nguvu anapata mabaka machache yasiyo na hisia, bakteria karibu hawaonekani, ila neva zinaumia mapema. Mwenye mwitikio dhaifu wa seli T ana bakteria wasiohesabika kwenye ngozi, na kingamwili zake ziko juu sana, hazimsaidii chochote. Wagonjwa wengi wako kati ya ncha hizo mbili na wanaweza kusogea upande mmoja au mwingine.

Shangazi Mkubwa

Ahsante mwanangu. Nampigia sasa hivi.

Kurunzi

Kuna jamaa alianza ARV, wiki ya tatu matezi ya shingo yakavimba, homa juu. Akaziacha akisema zinamuua. Ni mambo haya haya?

Darubini

Inawezekana sana. CD4 zinarudi, zinakuta TB iliyokuwa imekaa bila kupingwa, vurugu inaanza. Asiziache ARV kwa uamuzi wake, arudi alikozichukua aangaliwe. Kwa wenye CD4 za chini kabisa wanaotibiwa TB tayari, utafiti wa 2018 ulionyesha predinisoni ya wiki nne za mwanzo inapunguza hali hiyo kutoka karibu asilimia 47 hadi 33.

mpenda_hoja

La mwisho kwangu. BCG ipo tangu 1921. Kwa nini mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua TB?

Darubini

BCG inawakinga vizuri watoto wadogo dhidi ya homa ya uti wa mgongo ya TB na TB inayosambaa mwilini. Kwa mapafu ya mtu mzima matokeo yanayumba mno. Sababu moja ni kwamba Calmette na Guérin walipomdhoofisha bakteria kwa miaka 13 ya kumhamisha chupa hadi chupa, alipoteza kipande cha jenomu chenye mtambo wa kutoboa kifuko, na baadhi ya protini ambazo seli T zinazitambua zaidi zilipotea pamoja nacho. Faida yake ni moja: vipimo vya damu vya siku hizi vinatumia protini hizo hizo, kwa hiyo haviwachanganyi waliochanjwa. Kwa sasa macho yapo kwenye chanjo iitwayo M72, ambayo kwa watu wazima walioambukizwa tayari ilipunguza kuugua kwa karibu nusu katika miaka mitatu. Jaribio kubwa la mwisho lilianza 2024.

Ngalawa Pweke

Majibu yangu yametoka leo, damu ni chanya. Yaani nina TB?

Darubini

Pole, usishtuke. Kipimo hicho kinasema seli T zako zimewahi kukutana na bakteria. Hakisemi kama bado yu hai ndani yako au uliwahi kummaliza. Karibu robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa, na wanaougua maishani ni asilimia 5 hadi 10. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu ambaye TNF yake haijaguswa. Wewe utapigwa picha ya kifua, utapima makohozi kama yapo, na ikionekana huugui TB utapewa dawa za kuzuia. Mojawapo ya ratiba ni isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki, wiki 12. Muulize daktari uzitumie kwa muda gani kabla ya sindano ya kwanza ya kuzuia TNF, na mtajie dawa zote unazomeza, maana rifapentini inagombana na nyingi.

Ngalawa Pweke

Sawa mkuu. Picha ni kesho asubuhi, nitaleta majibu hapa hapa.